Shaka Inatosha: Kwa Nini Benki Huripoti Bila Ushahidi na Bila Kukuambia

Septemba 2018 Benki Kuu ya Kenya ilitangaza kuzitoza faini benki tano kwa namna zilivyoshughulikia fedha za kashfa ya Huduma ya Vijana kwa Taifa, NYS. Ukizipanga zile takwimu kwenye karatasi moja, hesabu inagoma. Standard Chartered ndiyo iliyopitisha fedha nyingi kuliko zote, takriban shilingi bilioni 1.63, ikatozwa milioni 77.5. Equity ilipitisha milioni 886, ikatozwa milioni 89.5. Co-operative ilipitisha milioni 263, ikatozwa 20. Diamond Trust milioni 162, ikatozwa 56. Halafu KCB: ilipitisha milioni 639 tu, ikatozwa milioni 149.5, karibu mara mbili ya Standard Chartered. Jumla ya faini ilifika shilingi milioni 392.5.

Hesabu inagoma kwa sababu tunadhani benki ziliadhibiwa kwa kupokea fedha za wizi. Makosa yaliyotajwa na Benki Kuu yalikuwa mengine kabisa. Miamala mikubwa ya fedha taslimu haikuripotiwa. Wateja hawakuchunguzwa ipasavyo. Fedha nyingi zilitoka na kuingia bila nyaraka za kueleza ni za nini. Na miamala iliyotia shaka haikufikishwa kwenye taasisi inayopaswa kuipokea, ama ilifikishwa kwa kulegalega. Mwaka 2020 benki hizohizo zilikubaliana na Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma kulipa milioni 385 nyingine ili zisifikishwe mahakamani. Kote huko, hoja ilikuwa benki ilifanya nini fedha zilipokuwa mikononi mwake, wala si fedha zilikuwa ngapi.

Hapo ndipo wajibu huu wa kuripoti miamala inayotia shaka unapowachanganya watu, wateja na hata baadhi ya wafanyakazi wa benki. Wengi huamini sheria inaitaka benki imkamate mwizi. Haitaki hivyo. Benki haina uwezo wa kujua kama mteja aliyelipwa na serikali kwa kuleta nyama kambini aliileta kweli nyama hiyo. Inachoweza kujua ni kwamba kampuni iliyosajiliwa juzi, isiyo na mfanyakazi wala gari, imeingiziwa mamilioni asubuhi na mwenyewe amekuja mchana kuyatoa yote taslimu. Sheria inaishika benki kwa hicho inachokiona.

Kenya iliutunga wajibu huo mwaka 2009, katika Sheria ya Mapato ya Uhalifu na Kuzuia Utakatishaji Fedha (utakatishaji ni kuzipa fedha haramu sura ya halali), iliyoanza kutumika katikati ya 2010. Tanzania ilitangulia kwa sheria ya 2006, na Zanzibar ina yake ya 2009. Zote zimechota kwenye kisima kimoja: mapendekezo 40 ya FATF, chombo cha kupambana na fedha haramu kilichoundwa na mataifa saba tajiri mjini Paris mwaka 1989. Nia ya mwanzo ilikuwa fedha za dawa za kulevya. Baadaye uhalifu mwingine ukaingizwa, na baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 ukaongezwa ufadhili wa ugaidi. Benki si peke yake kwenye kamba hii. Maduka ya kubadilisha fedha, kasino, madalali wa nyumba na wauza madini ya thamani nao wanabanwa, ingawa kila anayefuatilia mambo haya anajua kwamba dalali wa nyumba anayeandika ripoti ni ndege adimu.

Basi benki inatakiwa kufanya nini hasa? Kwanza imjue mteja: si jina na kitambulisho tu, bali anaishi kwa kazi gani, anatarajia kuingiza kiasi gani, na kama ni kampuni, nani hasa anayenufaika nyuma ya majina yaliyoandikwa kwenye usajili. Ukiulizwa maswali haya siku ya kufungua akaunti, karani anachora picha ya maisha yako ya kifedha. Kila muamala utakaofuata utalinganishwa na picha hiyo. Milioni tano kwenye akaunti ya muuza jumla wa mchele Kariakoo ni siku ya kawaida. Kiasi hichohicho kwenye akaunti ya mwalimu wa shule ya msingi, kikitoka kwa kampuni tatu asizozitaja popote, kinahitaji maelezo. Kwa hiyo hakuna kiasi ambacho chenyewe ni cha kutia shaka. Kinachotia shaka ni pengo kati ya mteja aliyejieleza na mteja anayeonekana.

Hapa kuna mambo mawili ambayo watu huyaunganisha, nayo yanapaswa kutenganishwa. Liko lile la kiwango: Wakenya wanaijua fomu ya shilingi milioni moja, ambayo tangu 2016 mtu anayeweka au kutoa taslimu kiasi hicho huijaza, akieleza fedha zimetoka wapi na zinakwenda wapi. Iko pia ripoti ya fedha taslimu inayopelekwa kwa mamlaka muamala unapovuka kiwango cha kisheria, kilichokuwa dola 10,000 kisha kikapandishwa hadi 15,000 kwa marekebisho ya 2023. Ripoti hizi hazina maana kwamba unashukiwa. Ni kama mlinzi wa getini anayeandika namba ya kila gari linaloingia, liwe la mwenye nyumba au la mgeni. Taarifa ya muamala shuku ni jambo la pili, na haina kima cha chini. Shilingi elfu arobaini zinaweza kuripotiwa. Hata muamala ambao haukukamilika, pale mteja anapoombwa risiti akachukua fedha zake na kuondoka, nao unaripotiwa.

Sasa tuje kwenye kiini: shaka ni nini? Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ililijibu swali hili mwaka 2006 katika kesi ya Da Silva, na jibu lake limekuwa likirejelewa tangu hapo. Kwa maneno yangu: mtu hushuku pale anapofikiri kuna uwezekano, ulio zaidi ya ndoto za mchana, kwamba jambo lipo. Wasiwasi usio na umbo hautoshi. Lakini pia hahitajiki kuwa na sababu zitakazomridhisha hakimu. Kiwango hicho ni cha chini mno. Askari akitaka kukukamata lazima awe na sababu za msingi. Mwendesha mashtaka akitaka ufungwe lazima athibitishe pasipo mashaka. Ofisa wa benki anaulizwa tu: je, ulishuku? Kama ndiyo, peleka. Chini ya sheria ya Tanzania ya 2006, tangu shaka inapoundika akilini mwake ana saa 24.

Na anayeshuku akakaa kimya anajiweka pabaya yeye binafsi. Kwa sheria ya Kenya, kutoripoti ni kosa linaloweza kumfunga mtu hadi miaka saba. Upande wa pili, aliyeripoti kwa nia njema analindwa: mteja hawezi kumshtaki kwa kuvunja siri ya benki, hata ikija kubainika kwamba fedha zilikuwa za urithi wa babu. Mizani imewekwa makusudi ielemee upande mmoja. Ukiripoti kimakosa, hupotezi kitu. Usiporipoti kimakosa, unaweza kupoteza kazi na uhuru. Kumbuka mizani hiyo, maana matatizo karibu yote ya mfumo huu yanatoka hapo.

Ripoti haitoki dirishani kwenda polisi moja kwa moja. Karani au programu ya kompyuta hutoa tahadhari ndani ya benki. Afisa aliyeteuliwa kwa kazi hiyo huichunguza, huuliza tawi, hupitia miezi ya nyuma, kisha huamua. Akiamua kuripoti, hupeleka kwenye kituo cha taarifa za fedha: Kenya ni FRC, Tanzania ni Kitengo cha Kudhibiti Fedha Haramu. Vituo hivi huunganisha. Ripoti ya benki moja kuhusu kampuni fulani, ripoti ya nyingine kuhusu dereva wa mkurugenzi wake, na taarifa ya forodha vinaweza kuwekwa meza moja, jambo ambalo benki yenyewe isingeweza. Picha ikikamilika hupelekwa kwa wapelelezi. Wao sasa ndio watakaotafuta ushahidi. Taarifa ya benki ni fununu iliyopangwa vizuri, na kwa kawaida haipaswi kuonekana mahakamani.

Nasisitiza hilo kwa sababu Tanzania, kwa miaka mingi, wananchi wameijua hatia ya utakatishaji fedha kupitia habari za mahakamani, kama shtaka lisilo na dhamana linalomweka mtu rumande. Ni rahisi basi kuona benki inayoripoti kama inayompeleka mteja gereza la Segerea. Ripoti nyingi haziendi popote. Hukaa kwenye hifadhi, na aliyeandikwa hajui kamwe kwamba aliandikwa.

Hajui kwa sababu kumtonya ni kosa pia. Hili ndilo linalowaudhi wateja kuliko yote. Uhamisho umekwama siku ya nne, unapiga simu, unaambiwa "mfumo unashughulikia". Unakwenda tawini, meneja aliyekuwa akikuchangamkia sasa anaangalia meza. Huenda ni mtandao kweli. Huenda ni shaka. Meneja hawezi kukuambia ni lipi, maana anayeambiwa "tumekuripoti" atahamisha kila kitu kabla ya jioni.

Kuna mfanyabiashara mmoja wa Zimbabwe aliyelipia ukimya huo. Kati ya 2006 na 2007 HSBC jijini London ilichelewesha uhamisho wake mara nne, jumla zaidi ya dola milioni 38, ikisubiri ridhaa ya mamlaka ya Uingereza. Haikumweleza sababu. Mtu aliyekuwa akimdai huko Zimbabwe, akisikia fedha zimezuiwa kwa tuhuma za utakatishaji, alikwenda kwa mamlaka za nchi hiyo, nazo zikashika mali zake. Aliishtaki benki akidai hasara ya zaidi ya dola milioni 300. Mahakama ya Rufaa ilimpa ushindi wa hatua mwaka 2010: benki haiwezi kusema tu "tulishuku" ikaishia hapo, lazima ithibitishe kwamba mtu wake kweli alishuku. Kesi iliposikilizwa kwa ukamilifu, afisa alieleza kilichomtia shaka, na Mei 2012 mfanyabiashara akashindwa. Hakuwahi kupatikana na hatia ya chochote katika jambo lile. Sheria ilifanya kazi kama ilivyoandikwa, na huyo ndiye aliyegharamia. Sijaona mtu aliyenieleza kwa kuridhisha namna ya kuondoa ubaya huo bila kuua wajibu wenyewe.

Kesi ya pili ya Uingereza inaonyesha upande wa pili, na kwangu ndiyo darasa bora kuliko zote. Bradford kulikuwa na kampuni ya dhahabu, Fowler Oldfield. Ilipofungua akaunti NatWest ilikadiria mauzo ya pauni milioni 15 kwa mwaka, na makubaliano yalikuwa benki isishughulikie fedha taslimu zake. Kati ya 2012 na 2016 akaunti ikapokea takriban pauni milioni 365, kati ya hizo karibu milioni 264 zikiwa noti taslimu. Watu walizileta kwenye takriban matawi 50. Katika tawi la Walsall zilifika kwenye mifuko myeusi ya taka, nyingi kiasi kwamba mifuko ilichanika na noti zikapakiwa upya kwenye magunia imara zaidi, na kasha la fedha la tawi halikutosha. Noti nyingine zilitoa harufu ya uvundo, kama fedha iliyokaa muda mrefu mahali pasipo na hewa.

Usidhani hakuna aliyeona. Wafanyakazi wa chini waliona na wakaandika, mara kadhaa. Maelezo yao yalipanda ngazi, yakafika kwa watu waliomjua mteja kama mteja mzuri, yakafungwa. Mteja aliyeanza akiwa kwenye kundi la hatari kubwa alishushwa hadi hatari ndogo mwishoni mwa 2013. Na kompyuta, ile ambayo benki zote hujivunia, kwa miaka ilisoma baadhi ya amana za noti kama hundi, na hundi hazitiliwi shaka sana. Desemba 2021 mahakama iliitoza NatWest faini ya pauni milioni 264.8, baada ya benki yenyewe kukiri kosa. Ilikuwa mara ya kwanza benki kufunguliwa mashtaka ya jinai chini ya kanuni za utakatishaji za nchi hiyo.

Linganisha na NYS. Hata huko mtu hakuhitaji darubini. Katika awamu ya kwanza ya kashfa hiyo, mwaka 2015, shilingi milioni 791 zilikwenda kwa kampuni ambazo hazikuwa na historia ya kazi zilizolipiwa, na mabunda yalibebwa taslimu kutoka kaunta ya benki. Miaka mitatu baadaye yakatokea tena, kwa benki nyingine. Kwa hiyo ninaposikia benki ikisema dawa ni programu mpya ya akili unde, nasita. Programu inasaidia pale fedha zinapopita kwa maelfu ya vipande vidogo. Gunia la noti halihitaji programu. Linahitaji karani anayejua kwamba akiuliza swali hataitwa na bosi kuambiwa amemkimbiza mteja mkubwa.

Rudi sasa kwenye ile mizani iliyoelemea. Ikiwa kutoripoti ni hatari na kuripoti ni salama, benki itaripoti kila kitu. Ndivyo ilivyotokea. Marekani, iliyoanzisha njia hii kwa Sheria ya Siri za Benki ya mwaka 1970, ilipokea taarifa za miamala shuku takriban milioni 4.6 katika mwaka wa fedha wa 2023. Hakuna idara yenye macho ya kutosha kuzisoma. Mwaka 2020 zaidi ya taarifa 2,100 za namna hiyo zilivuja kwa waandishi wa habari, zikigusa miamala ya takriban dola trilioni 2 kati ya 1999 na 2017. Ndani yake yalikuwamo mabenki makubwa yakiandika kwamba yanamshuku mteja, kisha yakiendelea kumhudumia mwaka baada ya mwaka, na kupokea ada. Ripoti ilikuwa imegeuka ngao: tuliwaambia, hamkufanya kitu, nasi tukaendelea na biashara. Kisheria, mara nyingi, walikuwa sahihi.

Kuna pia njia fupi kuliko kuripoti: kumfukuza mteja. Mwaka 2013 Barclays ya Uingereza iliamua kuzifungia akaunti kampuni nyingi za kutuma fedha, Dahabshiil ikiwamo, na familia za Kisomali zinazoishi kwa fedha za ndugu wa ughaibuni zikabaki na hofu hadi kesi ikafika mahakamani. Aprili 2015, baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, Kenya ilisimamisha leseni za kampuni 13 za kutuma fedha, Juni zikarudishiwa. Fedha haziachi kwenda zikifungiwa njia. Huingia mifukoni mwa wasafiri, mahali ambapo hakuna afisa wa kuziandika.

Na nchi nzima inaweza kutendewa kama mteja anayetia shaka. FBME ilikuwa benki yenye leseni ya Tanzania na makao yake Dar es Salaam, ila shughuli zake karibu zote zilikuwa Saiprasi. Julai 2014 Hazina ya Marekani iliitangaza kuwa taasisi yenye tuhuma nzito za utakatishaji. Bila njia ya dola benki haina pumzi: Benki Kuu ya Tanzania ikashika usimamizi mwezi huohuo, na Mei 2017 ikaifutia leseni na kuikabidhi kwa Bodi ya Bima ya Amana. Oktoba 2022 Tanzania iliwekwa kwenye orodha ya kijivu ya FATF, ile ya nchi zenye kasoro zinazofuatiliwa kwa karibu, pamoja na Kongo. Ikatolewa Juni 2025. Kenya iliingia Februari 2024. Nchi ikiwa kwenye orodha hiyo, benki za ng'ambo zinaongeza maswali kwa kila uhamisho unaotoka huko, na maswali hayo ndiyo yanayoshuka hadi kwa mama anayepokea karo ya mtoto kutoka Muscat.

Mteja wa kawaida afanye nini katikati ya yote haya? Kubwa zaidi ni kutolipanua pengo lile kati ya alivyojieleza na anavyoonekana. Ukibadili kazi, ukianza biashara, iambie benki. Ukiuza kiwanja, nenda na mkataba wa mauzo kabla fedha hazijaingia, si baada ya akaunti kukwama. Ukiulizwa chanzo, kujibu "ni zangu" si jibu, na kukasirika huandikwa. Ukikwama, uliza benki inahitaji nyaraka gani. Swali hilo meneja anaweza kulijibu. Ukiuliza kama ameshakuripoti, hawezi.

Na usivunjevunje. Kila mji una mjuaji atakayekushauri kwamba milioni tatu za kiwanja uziweke laki tisa leo, laki tisa kesho, laki tisa keshokutwa, na laki tatu zilizobaki siku ya nne, ili uikwepe ile fomu. Fomu isingekudhuru: ungeijaza, ukaambatisha mkataba, ukaenda zako. Amana zilizopangwa chini kidogo ya kiwango ni miongoni mwa mambo ya kwanza ambayo programu ya benki hufundishwa kuyatafuta, na fedha halali iliyowekwa kwa mtindo huo inaandikiwa ripoti sawasawa na ile ya haramu.